Uliza maji kabla ya kuuliza bei

Likizo ya Agosti ikikaribia, simu zinajaa matangazo yale yale: njooni mzunguke kisiwa cha Lamu na familia, siku nzima, samaki wa kuchoma ndani ya bei, kuondoka saa 3 asubuhi. Picha ni ya mashua iliyotulia juu ya maji meupe, mtoto ananing'iniza miguu ubavuni. Picha hiyo ni ya Machi, au ya Novemba wakati wa tanga mbili, pepo zinapobadilishana. Agosti upepo wa kusi bado unavuma, na anayeandika tangazo anajua hivyo kuliko anayelisoma. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Kuzunguka kisiwa ni safari mbili zisizofanana, zinazouzwa kwa tiketi moja. Ya kwanza inaanzia gati la mjini, inapanda hadi Matondoni, kisha inashuka na mkondo wa mikoko mpaka Kipungani. Huko kisiwa kizima kimekaa kati yako na bahari kuu, na kusi ukivuma vipi kinachokufikia ni viwimbi na rasharasha. Ya pili inatoka mdomo wa chini ya Kipungani na kurudi Shela kwa nje, kando ya ufuo wa kilomita 12 ulio wazi kwa Bahari ya Hindi. Hiyo ya pili si safari ya watoto wakati wa kusi. Sijali nahodha ni nani wala babake alikuwa nani.

Tatizo kubwa la huko nje ni upande ambao upepo unakusukuma, kuliko hata ukubwa wa mawimbi. Kusi unatoka kusini-mashariki, yaani unatoka baharini kuja mchangani. Mashine ikizima, upepo na wimbi vinakupeleka pamoja hadi pale mawimbi yanapovunjika, na huna nafasi ya kufungua kifuniko cha mashine uchunguze plagi. Utasema nanga ipo. Angalia basi nanga yenyewe: chuma chepesi na kamba ya mita 15 iliyofungwa mafundo matatu. Nanga ili ishike inataka kamba mara 5 ya kina kwenye maji tulivu, na zaidi ya hapo penye wimbi. Kwenye kina cha mita 5, kamba ya mita 15 inaiburuta tu mchangani. Chombo kikishageuka ubavu kwa wimbi, maji yanaingia kwa ndoo, abiria wote wanakimbilia upande mmoja, na kilichobaki ni kupinduka. Mashine ikizima Matondoni, baharia anachukua pondo, anasukuma chombo hadi kwenye mikoko, mnafunga kamba kwenye mzizi na mnakula maembe mpaka itengenezwe.

Kwa hiyo nendeni mpaka Kipungani, mgeuze, mrudi njia mliyokuja. Watakwambia kurudi njia ile ile kunachosha. Kwani mtoto wa miaka 6 anajua kama amezunguka kisiwa au amekiendea na kukirudia? Tena kwenye kusi njia hiyo ina faida ambayo tangazo halikuifikiria: kutoka Matondoni kushuka Kipungani unakwenda joshini, upepo uko usoni asubuhi ukiwa bado mpole, na mchana unapokaza uko mgongoni kwenu. Safari yoyote ya familia ipangwe hivyo. Anayeanza kwa kusukumwa na upepo anafurahi asubuhi na kulowa jioni, watoto wakiwa wamechoka, wana baridi, na mmoja ameshatapika.

Lakini hata njia ya ndani inaharibika ukiondoka saa mbaya, na hapa ndipo nina ugomvi na ile saa 3 asubuhi. Ni ya kila siku, mwezi mzima, mwaka mzima, kana kwamba maji nayo yamesaini mkataba. Kwenye pwani yetu, mwezi ukiwa mpya au mpevu, yaani siku za bamvua, maji hujaa karibu saa 10 au 11 alfajiri na tena jioni, na hukupwa kabisa karibu saa 4 au 5 asubuhi. Familia inayoondoka saa 3 siku hiyo inaingia kwenye mikoko wakati maji yanaisha. Wataona matope, kaa na mizizi. Harufu pia imo kwenye bei.

Bamvua hupandisha na kushusha maji kama mita 3. Maji mafu, yaani siku za kati ya bamvua na bamvua, kama mita 1 tu. Kukupwa huchukua saa 6 hivi, ila maji hayatoki sawasawa. Yagawe mafungu 12: saa ya kwanza linatoka 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya mwisho 1. Kwa bamvua la mita 3, saa ya kwanza unapoteza sentimita 25, ambazo hakuna anayeziona. Saa ya pili zinaondoka 50. Saa ya tatu na ya nne pekee zinaondoka mita moja na nusu, na boti ya mashine iliyopakia watu inataka karibu mita moja ya maji ili propela isisage matope. Ndiyo maana watu hukwama baada ya chakula cha mchana. Walipotia nanga maji yalikuwa tele, wakala, wakaongeza chai, walipoinua macho chombo kimelala ubavu.

Ukikwama maji yakiwa yanajaa, unangoja kidogo chombo kinainuka chenyewe. Ukikwama mara tu baada ya maji kujaa, una saa 11 au 12 za kukaa hapo, usiku ukiwemo, pamoja na mbu wa mikoko. Na ikiwa bamvua limeshaanza kufifia, maji yanayofuata yatakuja pungufu ya yale yaliyokupandisha juu ya fungu la mchanga. Basi vijito viingieni maji yakijaa, mtoke kabla hayajapiga saa moja ya kukupwa.

Takwa ndiyo mfano wenyewe. Magofu yako kisiwa jirani cha Manda, unayafikia kwa kijito cha mikoko, na kijito hicho maji yakikupwa kinabaki mtaro wa tope. Ingieni zikiwa zimebaki saa 2 maji yajae, mtembee kwenye msikiti na lile kaburi la nguzo, na muwe mmeshaketi chomboni maji yanapogeuka. Msimwache nahodha peke yake na kazi ya kukumbuka saa. Naye ana simu na ana usingizi.

Siku gani basi? Wazee wa huku huhesabu kwa mwezi mwandamo, na hesabu yao bado inashinda programu nyingi za simu. Siku ya 7 hadi 8 ya mwezi huo, na tena ya 21 hadi 22, maji hujaa katikati ya asubuhi, saa nzuri kabisa kwa watoto. Ila hayo ni maji mafu, yanajaa pungufu ya bamvua kwa karibu mita nzima, na kichwa cha kijito huenda kisifikike. Siku ya 9 hadi 11, au ya 24 hadi 26, ndizo ninazozipenda: maji yanajaa kati ya saa 6 na saa 9 mchana na yameshaanza kupata nguvu. Hakikisha kwa jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa. Saa za Lamu haziko mbali na zake. Usiku wa kuamkia safari mtumie nahodha ujumbe mmoja: kesho maji yanajaa saa ngapi, na yanakupwa saa ngapi? Akijibu bila kusita, mpe kazi. Akijibu kwamba usijali, ndipo uanze kujali.

Tope lina hila nyingine. Mashine ya nyuma huvuta maji ya bahari ili ijipoze, na mchirizi mwembamba unaotoka ubavuni mwake ndio ushahidi kwamba inapoa. Mkipita maji machache, mtu mmoja auangalie mchirizi huo. Ukidhoofika au ukikatika, zimeni papo hapo, inueni mashine, mzibue tundu la kuvutia maji. Nahodha anayesema tufike kwanza ndipo tuangalie anakuuzia mashine iliyochemka na safari ya kurudi kwa kuvutwa.

Mlango wa Shela, kati ya Lamu na Manda, nao una tabia yake. Maji yanapokupwa yanatoka kuelekea baharini, na kusi unaingia kutoka huko huko. Vikikutana, wimbi linakuwa fupi, la wima, lisilo na nafasi ya kupumua, hata siku ambayo upepo wenyewe si wa kutisha. Maji yanapojaa yanaingia pamoja na upepo na mlango huo huo unalainika. Nahodha mmoja, boti moja, siku moja, na kati ya saa 2 asubuhi na saa 7 mchana ni bahari mbili tofauti. Kwa watoto mwisho uwe majahazi yaliyotia nanga mbele ya Shela na Ras Kitau. Kichwa cha mlango waachieni wavuvi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Desemba hadi Machi mambo yanageuka. Kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, huufanya upande wa nje wa Shela kuwa mpole zaidi, na kuna asubuhi za Machi ambapo mzunguko mzima ni raha tupu kwa chombo kizuri chenye mashine mbili. Wakati huo huo Manda Toto, inayouzwa kama kisiwa cha kuogelea cha mwaka mzima, iko karibu na mdomo wa ghuba, na kaskazi huifikia. Iwekeni kwenye tanga mbili. Njia ya kwenda huko hupita mkondo wa Mkanda, uliotulia lakini una kingo za tope, na unakutoa kwenye Ghuba ya Manda ambako tangu 2021 meli kubwa zinaingia bandari mpya. Meli haiwezi kukukwepa, kwa hiyo kaeni mbali na njia ya maboya. Kiwayu ni mbali mno kwa siku moja, tusidanganyane.

Walioko kusini wana yao. Shimoni, mkondo kati ya Wasini na bara unatosha kabisa kwa familia miezi ya kusi. Kisite iko nje ya kivuli cha Wasini, isubiri. Unguja, upande wa magharibi ndio wa demani, kusi ukielekea mwisho: Changuu na Bawe kwa walioko mjini, Kwale kwa wanaoanzia Fumba. Ila magharibi nako si kinga ya kila kitu, maana MV Skagit ilizama karibu na Chumbe Julai 2012, miezi ya kusi, nayo ilikuwa meli ya abiria, si mashua ya pikiniki.

Petroli: thuluthi ya kwenda, thuluthi ya kurudi, thuluthi isiyoguswa. Dumu liwe chomboni kabla ya kung'oa nanga, si ahadi ya kununua Matondoni.

Na jaketi la mtoto. La mtu mzima lililokazwa kwa kamba halimfai: akianguka, maji yanalipandisha na yeye anateleza chini yake. Soma uzito ulioandikwa ndani, mfunge vifungo vyote pamoja na mkanda wa kupita kati ya miguu, kisha shika mabega ya jaketi uyavute juu. Likifika masikioni, si lake. Kama gatini hakuna saizi yake, siku hiyo mtoto huyo haendi, na pesa zirudishwe.