Mkeka wa kudansi sebuleni: unacheza au unakanyaga?

Shangazi yangu wa Mombasa alipokuja kututembelea huku Uingereza, alinikuta sebuleni nikirukaruka juu ya mkeka wa plastiki mbele ya televisheni, jasho linanitiririka. Akanitazama wimbo mzima bila kusema neno. Ulipokwisha akauliza: "Mwanangu, mbona wakanyaga tu? Kucheza utaanza lini?"

Nilicheka, lakini swali lile limenikaa. Wanaoujua mkeka huu (wa kudansi, si ule wa kubeti) huugombania kweli kweli. Wapo wanaouona kama jimu ya bei rahisi isiyohitaji mtu kutoka nje kwenye baridi. Wapo wanaouona kama kelele kwa jirani wa chini na kichekesho mbele ya ngoma halisi. Kila upande una haki pahali fulani, ila si pale unapodhani.

Kwa asiyeijua gemu yenyewe: ni Dance Dance Revolution ya kampuni ya Konami ya Japani. Ilianza mwaka 1998 kama mashine kubwa za kwenye kumbi za michezo, ikaingia majumbani huko Japani mwaka 1999 kupitia PlayStation, na Ulaya ikauzwa kwa jina la Dancing Stage. Mishale hupanda kutoka chini ya kioo; ikifika juu na kulaliana na ile iliyosimama, unakanyaga upande uleule kwenye mkeka: kushoto, chini, juu au kulia. Ikija miwili kwa pamoja, unaruka. Ukiwahi au ukichelewa, alama zinapungua. Ukikosea mfululizo, mstari wa uhai unakwisha na wimbo unakatwa katikati, bila huruma.

Tuanze na jasho, maana hapo watetezi wake wana nguvu. Mwaka 2006 jimbo la West Virginia, Marekani, lilitangaza mpango wa kuiingiza gemu hii katika shule zake zote za umma, 765 kwa jumla. Jimbo lilikuwa linahangaika na unene wa watoto, na shirika la bima ya afya la watumishi wake lilikuwa limeshagharamia majaribio ya kuwapa watoto mkeka wakacheze nyumbani. Katika utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha West Virginia uliochapishwa mwaka 2009, watoto wa miaka 7 hadi 12 waliozidi uzito walicheza kwa wiki 12. Mishipa yao ya damu ikawa inatanuka vizuri zaidi kuliko mwanzo, na pumzi zao zikarefuka.

Nguvu inayotumika nayo imepimwa. Katika jedwali la mwaka 2011 ambalo wataalamu wa mazoezi hulitumia kukadiria kazi ya mwili, kucheza gemu ya namna hii kwa kasi kumepewa 7.2, yaani mara 7.2 ya nguvu anayoitumia mtu aliyekaa kimya. Kutembea haraka ni 4.3, na kukimbia kilomita 8 kwa saa ni 8.3. Kwa hiyo mwenye kilo 70 akicheza nusu saa kamili huunguza kama kalori 250. Chapati moja iliyonona mafuta, basi.

Lakini nani huwahi kucheza nusu saa kamili? Wimbo mmoja wa gemu hii ni kama dakika moja na nusu. Ukikwisha, unatazama alama, unapekua orodha, unabishana na mtoto kuhusu wimbo unaofuata. Nilijipima siku moja kwa saa ya simu: katika nusu saa, miguu yangu ilifanya kazi chini ya dakika 20. Na anayeanza, anayekanyaga mshale mmoja kila baada ya mapigo mawili, hafiki hata karibu na hiyo 7.2. Mkeka unalipa vizuri baada ya kuuzoea, na kuuzoea kunataka majuma, sio siku.

Majuma hayo ndiyo shida. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti mwingine wa Marekani ambao watetezi wa mkeka hawapendi kuutaja. Watoto na vijana 30 wenye unene walipewa gemu hii waicheze nyumbani. Miezi mitatu ya mwanzo, 12 kati yao waliicheza angalau mara mbili kwa wiki. Miezi mitatu iliyofuata walibaki wawili. Sasa urudi kwenye ule utafiti wa wiki 12 uuangalie upya. Wiki 12 ni miezi mitatu kasoro siku chache. Mmoja ulifunga hesabu pale pale ambapo mwingine ulianza kuona mikeka ikikunjwa na kuwekwa uvunguni. Sioni kama zinapingana. Zinasimulia habari moja: mwili unafaidika ukicheza, na watu wengi wanaacha.

Kwa nini wanaacha? Wengine huchoshwa na nyimbo zile zile, na sitawalaumu. Lakini kuna sababu nyingine ambayo husikii ikizungumzwa na watu wa afya, nayo ni chombo chenyewe. Mashine ya ukumbini ina jukwaa la chuma na fito nyuma ya mchezaji ya kushika anapozidiwa. Mkeka wa nyumbani ni karatasi mbili za plastiki zenye tabaka linalopitisha umeme, zimetenganishwa na sponji yenye matundu. Unapokanyaga, tabaka zinagusana na mshale unasomeka. Mikeka hii haina fito. Inateleza ukivaa soksi, inajikunja kwenye zulia, na baada ya miezi kadhaa mshale mmoja (kwangu ulikuwa wa kulia) unaanza kuwa kiziwi. Unakanyaga, mashine haisikii, uhai unapungua kwa kosa ambalo si lako. Niliubandika wangu juu ya ubao kwa utepe wenye gundi pande mbili, ukatulia. Lakini mtu ambaye hana hamu ya kutengeneza vitu atauacha hapo hapo.

Televisheni nayo ina lawama zake. Gemu hupima hatua kwa vipande vya sekunde. Kwa picha 60 kwa sekunde, picha moja ni kama milisekunde 17 tu, na alama za juu kabisa hutolewa ndani ya upana wa picha moja au mbili hivi. Televisheni nene za zamani zilionyesha picha papo hapo. Hizi bapa huichakata kwanza, na kuchelewa kidogo tu kunatosha kukufanya uonekane huna sikio la muziki. Watu wamejiita "sina mdundo" kumbe mwenye kasoro ni kioo. Ukitafuta kwenye mipangilio ya televisheni ile hali ya gemu, mambo hubadilika sana.

Na jirani wa chini? Hapa sina utetezi. Nakaa ghorofa ya tatu, na mruko mmoja wa mishale miwili ni kilo zangu zote zikitua juu ya dari ya mtu. Alikuja kugonga mara moja, kwa adabu. Tukakubaliana kuanzia saa 12 hadi saa 1 jioni, kabla hajarudi kutoka kazini. Anayekaa nyumba ya chini yenye sakafu ya saruji hajui alivyobarikiwa, ingawa magoti yake yatamwambia kwamba saruji nayo haibonyei.

Tumfikie sasa shangazi, maana hoja yake ni nzito kuliko ya jirani. Yeye ni wa chakacha. Katika chakacha miguu haifanyi mengi. Kazi yote iko kiunoni, na mabega yametulia kama hayahusiki. Mwite mchezaji hodari wa chakacha kutoka Lamu, msimamishe juu ya mkeka: mashine itamwona kama mtu aliyesimama tu. Itamhukumu kwa miguu peke yake, kwa sababu miguu ndiyo inayoisikia. Kiuno, mikono, shingo, uso, vyote kwake ni kimya.

Wapo wachezaji waliolikataa hilo mapema. Kulikuwa na mashindano ya mtindo huru, ambapo watu walitunga onyesho zima juu ya mishale: kuzunguka, kupiga magoti, kukanyaga kwa viganja. Walicheza kweli. Ila uone kilichotokea: sehemu yao nzuri zaidi ilipewa alama na majaji waliokaa pembeni. Mashine yenyewe haikujua.

Mimi nilijaribu njia nyingine. Kuna programu ya bure iitwayo StepMania, iliyoanza mwaka 2001, ambayo inakuruhusu kuweka wimbo wowote na kuupangia mishale mwenyewe kwenye kompyuta. Nikasema nitawaweka wakubwa wetu. Nikaanza na taarabu ya zamani, nikafika dakika ya pili mishale yote imehama. Nilidhani nimehesabu vibaya. Kumbe wale wapigaji hawakurekodi kwa saa ya kompyuta. Walisikilizana, wakavuta kidogo pale mwimbaji alipovuta, wakaharakisha pale fidla ilipowapandisha. Rumba ya Kongo ikanitesa zaidi, ilipofika kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, na kila kitu kikakimbia. Inawezekana kuirekebisha, kwa kubadilisha kasi kila baada ya mistari michache, lakini ni kazi ya usiku kucha. Bongo Flava ya studio iliingia bila matatizo dakika 20.

Hapo ndipo nilipomwelewa shangazi. Mkeka unafundisha kutii saa. Si jambo dogo: wimbo wenye kasi unakudai utulivu ambao jimu hainipi, na sijawahi kuhesabu dakika nikiwa juu yake kama ninavyozihesabu kwenye mashine ya kukimbilia. Lakini ngoma za kwetu zinadai kumsikiliza mtu, na mtu hupunguza na kuongeza.

Jambo moja naliweka upande wa mkeka bila kusita. Nyumbani hakuna anayekutazama. Mwanamke asiyependa kuruka mbele ya wanaume, mzee anayeogopa kuchekwa, kijana mnene aliyekwisha kuchekwa shuleni, wote wanaweza kuteremsha pazia na kukosea watakavyo. Mashine za ukumbini hazikuwahi kuwapa nafasi hiyo. Upweke huo huo, nadhani, ndio unaoufanya mkeka uishie uvunguni. Kwetu umedumu mwaka wa pili kwa sababu binti yangu ana miaka 11 na hakubali kushindwa.

Siku mbili kabla ya kuondoka, shangazi alivua kandambili akasema nimwekee wimbo. Nilimchagulia ule mwepesi kabisa. Mshale wa kwanza ulimpita, wa pili ukampita, kisha akaacha kutazama kioo. Miguu ilikuwa inakanyaga popote, lakini kiuno kiliupata wimbo, kikaubeba. Mashine ilimkatia kabla ya nusu. Yeye aliendelea kidogo bila muziki, akicheka.

Mimi niliufuata wimbo huo huo baada yake nikapata alama ya juu kuliko siku zote. Binti yangu alikuwa anarekodi kwa simu tangu mwanzo. Usiku alipotuonyesha, video ilikuwa ya dakika tatu, na mimi simo hata kidogo.