Maikrofoni Ipelekwe Jikoni

Jumamosi iliyopita tulimzika nyanya yangu kule Seme, na hasira niliyorudi nayo Kisumu haijaniisha. Waheshimiwa walishika maikrofoni tangu asubuhi. Kila mmoja aliwasalimia wenzake kwa vyeo vyao, akaeleza barabara aliyoleta, kisha akamjibu mpinzani ambaye hata hakuwepo. Zamu ya familia ilipofika, mfawidhi alimwinamia binamu yangu akamwambia afupishe wasifu, muda umekwenda. Binamu akafupisha. Nyanya alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto, alikuwa mfanyabiashara, ameacha wajukuu na vitukuu. Baada ya hapo tukaelekea kaburini.

Nyuma ya nyumba, kwenye mafiga ambako wanawake walikuwa wamepika tangu usiku, nilikuta maisha yake yakisimuliwa mwanzo hadi mwisho. Huyu alianza, yule akamkatiza, mwingine akasema hapana, haikuwa hivyo, nilikuwepo. Waliongea huku wakigeuza ugali na kufukuza moshi machoni.

Nyanya alikuwa anavuka ziwa. Alipanda MV Victoria, meli iliyoanza kazi mwaka wa 1961, pale bandarini Kisumu, akaenda Mwanza na sabuni, mafuta ya kupikia na sufuria. Akarudi na khanga na mchele. Alilala daraja la tatu juu ya mizigo yake ili isiguswe. Alipoanza, shilingi ilikuwa moja kote Afrika Mashariki. Mwaka wa 1966 kila nchi ikatoa noti zake, na yeye ambaye hakuwahi kukaa darasani akajifunza kubadilisha pesa na kupiga hesabu kichwani kabla mwenye duka hajafika kwenye kalamu. Huko Mwanza alikuwa na rafiki, mwanamke mwenzake, aliyemwekea mali kwa kuaminiana tu, bila karatasi.

Ikafika 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na MV Victoria ikabaki upande wa pili. Mali yake ilikuwa Mwanza kwa yule rafiki. Mpaka ulifunguliwa tena 1983, na kufikia hapo alikuwa ameshaanza upya, anakaanga samaki na kuuza katika soko la Kibuye, Kisumu. Karo ya baba yangu na ndugu zake ilitoka kwenye ile sufuria ya mafuta. Sisi wajukuu tulikuwa tunajua habari ya samaki. Ya meli hatukuijua.

Vitabuni nimesoma kuhusu kuvunjika kwa Jumuiya: marais watatu walikosana, Idi Amin alifanya hivi, mabehewa na ndege ziligawanywa vile. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna mwanamke wa Seme aliyelipia ugomvi ule kwa mtaji wake wote, na kwamba nimekula chakula chake. Hiyo ni historia ya Afrika Mashariki kama ile ya marais, nayo ilikuwa karibu sana na lile hema, lakini hakuna aliyefikiria kupeleka maikrofoni kule jikoni.

Tukisema tunahifadhi historia ya familia, mara nyingi tunachofanya ni kuandika orodha ya wanaume. Mzee fulani alimzaa fulani, aliyemzaa fulani, waliotoka Alego wakahamia hapa. Sawa, orodha hiyo ina kazi yake. Inatuambia nani ni ndugu na nani hawezi kuolewa na nani, na wazee walioibeba kichwani vizazi vingi bila daftari wanastahili heshima. Sitaki itupwe. Lakini itazame vizuri. Akina mama wamo humo kwa majina ya walikotoka tu, nyar Gem, nyar Uyoma, yaani binti wa Gem, binti wa Uyoma, kisha wanatoweka. Ukiuliza nyar Gem mwenyewe alikuwa nani, alipanda nini, alimkimbia nani, alidai nini, unaambiwa mambo hayo ni ya wanawake.

Maandishi ya serikali nayo hayatatuokoa. Mkoloni alipoleta kodi ya nyumba, mwanamume mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Nyumba za mabibi zetu zilihesabiwa moja moja, kwa makini sana, kwa sababu kila moja ilikuwa na pesa ndani yake. Mwenye nyumba hakuandikwa jina. Ripoti za maDC, wakuu wa wilaya wa kikoloni, wa Nyanza zipo hadi leo katika hifadhi ya nyaraka za taifa, na ni vizuri kwamba zipo. Ukizisoma utajua kodi, mvua, pamba na ugonjwa wa ng'ombe. Bibi yako hutamkuta humo.

Kwa hiyo kama hatumuulizi sasa, hatakuwepo popote. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Wapo watakaosema kumbukumbu za wazee haziaminiki, wanachanganya miaka. Ni kweli wanachanganya. Mama wa miaka themanini ambaye kitambulisho chake kina mwaka aliokisiwa na karani hawezi kukupa tarehe ya harusi yake. Basi usimuulize mwaka. Muulize ilikuwa kabla ya mafuriko ya Uhuru, yale ya mwanzoni mwa miaka ya sitini, au baada. Muulize kama Tom Mboya, waziri aliyeuawa 1969, alikuwa hai. Muulize kama mtoto wake wa tatu alikuwa anatembea siku redio iliposema serikali imepinduliwa, Agosti 1982. Atakujibu papo hapo, na tarehe utaipata wewe mwenyewe.

Isitoshe, yapo mambo wanayoyakumbuka vizuri kuliko sisi tulio na karatasi. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, likaipita kidogo tu rekodi ya 1964, iliyokuwa 13.41. Kuanzia Dunga hadi Nyando watu walihama, na tulilizungumzia jambo hilo kama kitu ambacho hakijawahi kutokea. Wanawake walioteka maji ufuoni miaka ya sitini walijua ziwa lilifika wapi wakati ule, mti gani ulisimama majini, njia gani ilipotea. Waliojenga mahali pale pale baadaye hawakuwa wamewauliza.

Na kuna yale ambayo familia zimeyanyamazia. Tarehe 25 Oktoba 1969, siku ya kufungua hospitali ya Kisumu tunayoiita Russia, watoto wa shule walikuwa miongoni mwa umati uliokuja kumwona Rais Jomo Kenyatta. Risasi zikapigwa. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Kisumu haijawahi kuikubali hesabu hiyo. Yapo maboma hapa ambapo kijana wa siku ile hatajwi hata kwenye sala, kwa sababu kwa miaka mingi kumtaja kulikuwa hatari. Hapo silazimishi mtu. Mama asiyetaka kusema ana haki ya kukaa kimya, na mjukuu mwenye simu hana ruhusa ya kumchokonoa hadi alie ili apate video. Lakini wengine wamengoja miaka hamsini na zaidi mtu awaulize kwa upole, na hatujawauliza.

Kuhusu namna ya kurekodi sina mengi. Simu inatosha. Mwache aongee lugha yake, Dholuo, Luragoli, Lubukusu, yoyote anayoota nayo, tafsiri itafuata. Usimkalishe sebuleni amevaa nguo ya kanisani, kaa naye anapochambua mboga. Mwanzoni mwa sauti taja jina lake, mahali na tarehe, kwa maana faili isiyo na jina itakuwa kelele tu kwa vitukuu. Na nakala zisikae nyumba moja. Waulize watu wa Nakuru waliochomewa nyumba mwanzoni mwa 2008. Viti walinunua vingine, picha za wazazi hawakuzipata tena.

Kamati za mazishi zinanikera zaidi ya yote. Tunakaa jioni baada ya jioni kujadili mahema, viti, ng'ombe, fulana zenye picha ya marehemu na programu ya rangi yenye kurasa nyingi. Pesa zinachangwa na zinapatikana. Sijaona kamati hata moja ikimteua mtu wa kukaa na dada za marehemu kwa saa mbili na kunasa wanachosema, ilhali ndiyo siku pekee ambayo wote wamekusanyika boma moja, wenye kumbukumbu zinazosahihishana, na wengi wao hawatakutana tena. Kazi hiyo haina gharama. Na ningependa Makavazi ya Kisumu yawe na chumba ambamo mtoto wa shule anaweza kukaa akasikiliza sauti hizo, kama anavyoingia kuona lile boma la Kijaluo lililojengwa mle.

Jumapili, kabla ya wageni kuondoka, nilikaa na shangazi yangu mkubwa chini ya mwembe, simu ikiwa katikati yetu. Nilimwambia nataka habari za biashara ya nyanya. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, usiandike ati alikuwa mfanyabiashara. Andika alivuka ziwa na mimi mgongoni." Kumbe alikuwa amepanda meli ile akiwa mchanga, na hata baba hakulijua hilo. Tulizungumza hadi betri ikaisha, tukachomeka simu kwa jirani, tukaendelea.

Bado hatujampata yule rafiki wa Mwanza. Shangazi anakumbuka alikuwa Msukuma, duka lake lilikuwa karibu na soko kuu, na kwamba mwaka wa 1984 nyanya alituma mtu kumuulizia, akaambiwa amehamia Bukoba. Huenda ana watoto. Huenda nao wamewahi kusikia kuhusu mwanamke wa Kisumu aliyeacha mizigo kwa mama yao na hakurudi kuichukua. Shangazi mdogo anaishi Migori na anasema alimjua rafiki huyo kwa jina. Nitamfuata Jumamosi.