Faili lipo, kompyuta inasema halipo: tuzime kache?

Chukua ofisi ya uwakala wa forodha jirani na bandari ya Tanga. Hati inaskaniwa mapokezi na kuingia folda ya pamoja kwenye seva ya Linux kwa njia ya NFS, mfumo wa kushirikisha mafaili kupitia mtandao. Programu ya chumba cha pili inasema faili halipo, kisha kabla dakika haijaisha faili linaonekana lenyewe. Fundi akichoka kuitwa huandika kigezo noac (“usikumbuke sifa”) kwenye /etc/fstab, faili linalopanga folda za kuunganishwa, na malalamiko yanakoma.

Kwa nini yanakoma? Bila kuelekezwa vingine, kompyuta ya Linux inayosoma folda ya NFS hukumbuka sifa za folda, kama muda ilipobadilishwa, kwa sekunde 30 hadi 60 bila kuiuliza seva; kumbukumbu hiyo ndiyo kache. Hukumbuka hata jibu la “halipo”. Programu ikilitafuta faili kabla halijafika, jibu hilo hubaki na kurudiwa ilhali faili limeshatua. Anayelitafuta kwa mara ya kwanza baada ya kufika hulipata palepale, kwa hiyo wawili wanabishana na wote wanasema kweli.

Lakini noac ina gharama ambayo wengi hawaitazami. Haizimi kumbukumbu ya sifa tu. Inalazimisha kila uandishi usubiri seva ithibitishe. Skani kubwa zitajikokota. Na folda yenye mafaili 2,000, kila swali likichukua milisekunde 5 kwenye Wi-Fi, amri ya kuorodhesha, ls -l, itakula sekunde 10. Hata hivyo haizuii programu mbili kugongana kwenye faili moja. Hiyo ni kazi ya kufuli za faili.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Tumia amri ya stat, inayoonyesha taarifa za faili, kwa jina kamili la faili kwenye seva, kisha kwenye kompyuta inayolalamika. Kama seva inalo na kompyuta hailioni, andika amri hii ya kumwaga kache, kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu):

echo 2 > /proc/sys/vm/drop_caches

Likitokea papo hapo, kache ndiyo chanzo. Dakika mbili zikipita bila kuonekana, acha kache: kagua ruhusa, na kwa amri ya nfsstat -m hakikisha folda iliyomauntiwa, yaani iliyounganishwa na kompyuta, ndiyo yenyewe. Amri ile ni ya kupimia. Kuipangia ratiba ya kila dakika ni kuharibu kasi ya kompyuta nzima.

Kwa ofisi ya namna hii, naona kigezo lookupcache=pos badala ya noac kinatosha: majibu ya “halipo” hayahifadhiwi, mengine yanabaki. Kama orodha ya folda nayo inachelewa, ongeza acdirmin=3,acdirmax=5, yaani sekunde za chini na za juu za kukumbuka folda. Ondoa maunti kisha uiweke upya, maana remount (kuunganisha upya bila kuondoa) haibadilishi vigezo vingi vya NFS.

Noac ibaki kwa folda ndogo ya pekee, yenye vijifaili vya hali vinavyosomwa na kompyuta kadhaa. Kwenye Windows vigezo ni vingine: kwa SMB, njia ya Windows ya kushirikisha folda, FileNotFoundCacheLifetime huanza na sekunde 5 na DirectoryCacheLifetime 10.