Hachari ya samaki wa bahari: tangi si kazi, kazi ni chakula

Huku Kisumu mtu akishafuga tilapia anaona hachari (mahali pa kuangua mayai na kulea watoto wa samaki) ni hachari tu, so story ya samaki wa baharini ikianza lazima mmoja aseme watu wa pwani wajenge zao, waache kuchota watoto wa mwatiko (milkfish, samaki wa kufugwa kwa madimbwi ya pwani) kwa mikoko na kuvua kwa miamba ya matumbawe samaki wa mapambo wa kuuza ng'ambo. Ako na point. Mwamba ukivuliwa aina zilezile kila siku unaisha, na mfugaji wa mwatiko anayengoja bahari imletee mbegu, yaani hao watoto, hawezi panga biashara, msimu ukikataa dimbwi linabaki maji tu.

Lakini tilapia ametudekeza. Mama anabeba mayai mdomoni, mtoto akitoka unamnyunyizia chakula cha unga anakula. Wa baharini wengi hutaga yai dogo linaloelea, kiluwiluwi kinatoka hata mdomo hakina, kinaishi na kiini cha yai siku mbili tatu, halafu mdomo ukifunguka tu chakula kiwe hapohapo, kiwe hai, kinacheza, na kiwe kidogo kuliko nukta. Hapo ndio rotifa huingia (kadudu kadogo sana ka majini, jamii yao wamejaa Ziwa Nakuru, hatuwaoni tu), na rotifa naye anataka alji (vimea vidogo sana vya majini vinavyofanya maji kuwa kijani), alji inataka taa na hewa usiku na mchana, na stima zetu mnazijua. Baada ya rotifa ni artemia (kamba mdogo wa maji ya chumvi), ambaye mayai yake mengi hutoka Great Salt Lake kule Marekani, waulizeni wafugaji wa mumi huku western bei ya kamkebe ka mayai hayo. Kuna samaki hata rotifa ni mkubwa kwa mdomo wao: blue tang (samaki wa mapambo wa rangi ya bluu) alilelewa kutoka yai mara ya kwanza 2016, Florida, na ilibidi walishe watoto wa kopepodi, kadudu kengine kadogo ka majini.

Na kuna hii upande watu huruka. Samaki wa mapambo akishalelewa kwa tangi, si lazima tangi likae Kilifi ama Kwale, linaweza kaa Florida karibu na mnunuzi, na mvuvi wetu abaki bila kazi na bila sababu ya kuchunga mwamba. Kwa hivyo kufunga uvuvi leo ati hachari zinakuja, mimi siungi mkono.

Mwatiko pia asiharakishwe, anachukua kama miaka mitano kukomaa, na muda wote huo unalisha bila kuuza. Ningeanza na clownfish, samaki mdogo wa mapambo: anabandika mayai kwa jiwe, baba anayalinda, yanaanguliwa kama baada ya wiki moja na mtoto ako tayari kula rotifa. Na hata hapo, pesa ya kwanza iende kwa chumba cha alji na rotifa, kiendeshwe miezi kadhaa bila kufa, ndio mtu aitishe samaki wazazi. Shida ni wafadhili hupenda kupigwa picha na matangi, na ndoo ya maji ya kijani haipendezi kwa ripoti.