Kungoja na Kungojeshwa

Mjomba wangu ana shamba la mikorosho pembezoni mwa Newala, na katika maisha yake yote hajawahi kufungwa wala kuzuiwa kupiga kura. Hata hivyo, kwa miaka mingi nilisita kumwita mtu huru. Kila ilipofika Februari, akiba ya chakula ikiwa imepungua na fedha za msimu zikiwa zimeishia kwenye sare na madaftari ya watoto, alikwenda kwa mnunuzi wa kangomba, yaani biashara ya korosho ya kificho nje ya mfumo rasmi, kuchukua fedha kidogo, kwa ahadi ya kuzilipa kwa korosho ambazo wakati huo hazikuwa zimetoa hata ua moja. Oktoba alipalilia njia shambani, akaziokota, akazitenganisha na mabibo yake na kuzianika, huku akijua kwamba gunia la kwanza na la pili si lake tena, na kwamba bei yake ilikwisha kuamuliwa siku ile aliyokwenda kuomba akiwa na njaa.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na nimefikia kuamini kwamba dhuluma nyingi tunazozijua huku kusini ni dhuluma za siku: mtu ananyang'anywa siku zake, au anafanywa azitumie kumngojea mwenzake. Kiswahili chenyewe kinatofautisha kungoja na kungojeshwa. Anayengoja ameamua mwenyewe, na huyo ndiye anayeambiwa kwamba subira yavuta heri. Anayengojeshwa ameamuliwa na mtu mwingine, na wazee walipomwona wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizi mbili hazipingani, kwa sababu hazimzungumzii mtu mmoja. Ninachukizwa ninapomsikia mwenye nafasi akimhubiria subira mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye anayemngojesha.

Historia yetu inalithibitisha hili. Julai 1905, wakulima wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi ambavyo leo vimo wilayani Kilwa, waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima chini ya utawala wa Wajerumani, na Vita vya Majimaji vikaanza. Kodi ilikuwapo na viboko vilikuwapo, lakini ndani ya kero ile ya pamba kulikuwa na jambo ambalo mkulima yeyote analielewa bila kufundishwa: siku unayoipeleka kwenye shamba la mwingine wakati wa mvua ni siku ambayo shamba lako linaota magugu, na mvua haikurudishii siku hiyo. Watu wale walidai ardhi na heshima, na ndani ya madai hayo walidai pia siku zao.

Baada ya uhuru, kungojeshwa kulibadilika sura. Wenye umri wangu wanakumbuka safari ya Dar es Salaam wakati wa masika, magari yakiwa yamekwama kwenye tope na abiria wakingoja pantoni ya Rufiji, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Sitaki kulirefusha hilo.

Korosho ndiyo inayonigusa zaidi. Tangu msimu wa 2007/2008, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara, mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika, unapimwa kwa mizani, unakwenda ghala kuu, unauzwa kwa mnada, kisha yeye analipwa. Nautetea mfumo huu mbele ya yeyote, kwa kuwa mizani inayoonekana na bei inayotangazwa mbele ya watu ni bora mara nyingi kuliko bakuli la kangomba linalojazwa gizani. Lakini mfumo huu unamtaka mkulima awe na uwezo wa kungoja, na uwezo huo ni mali ambayo si kila mtu anayo. Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei iliyoonekana kuwa ndogo mno, serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri; hata hivyo, wapo wakulima waliolipwa mwaka uliofuata, na katika kipindi hicho duka la jirani halikukubali kupokea bei nzuri ambayo bado haijafika mkononi. Kwa sababu hiyo siamini kwamba kangomba itakwisha kwa kuwakamata tu wanaoifanya. Kangomba huzaliwa Februari, katika nyumba isiyo na unga, na atakayeiua ni yule atakayeifikia nyumba hiyo kwa mkopo wa haki kabla mnunuzi hajaifikia.

Upande wa mashauri nako ni hivyo hivyo. Mama yangu mdogo ana shauri la mpaka wa shamba ambalo limeahirishwa mara nyingi kiasi kwamba watoto wake wameacha kumuuliza limefikia wapi. Kila tarehe anaondoka alfajiri, analipa nauli, anakaa kwenye benchi hadi adhuhuri, kisha anatajiwa tarehe nyingine. Katiba yetu, katika ibara ya 107A, inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya kimsingi, na mimi nadhani agizo hilo lingefaa libandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ambayo mwananchi anaambiwa njoo kesho. Siku moja nilimuuliza mama mdogo kama anaamini atashinda. Alinijibu kwamba hata akishinda, ekari ile haiwezi kumlipa palizi zote alizozikosa.

Sisemi kwamba kuishi vizuri ni kuishi bila kungoja. Wavuvi wa Mikindani wanangoja maji yapwe na yajae, na hakuna anayewadhulumu, kwa sababu bahari haimwangalii mtu usoni ndipo iamue ni nani ahudumiwe kwanza. Ninachokitamani ni maisha ambayo ndani yake mtu anajua anangoja nini, anangoja hadi lini, na anaweza kula wakati anangoja.

Nami sina mikono safi. Msimu mmoja niliwachukua vibarua watatu wanipalilie shamba, na kazi ilipokwisha niliwaambia wapite mwisho wa wiki, si kwa kukosa fedha, bali kwa kuwa sikupenda kwenda benki siku ile. Mmoja wao alikuja mara tatu, akisalimia kwa adabu na kukaa barazani bila kulitaja deni. Adabu ile bado inaniuma, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha kuogopa kudai kilicho chake.

Mjomba alijiunga na kikundi cha kuweka na kukopa cha majirani zake, na Februari iliyofuata alikopa huko badala ya kwenda kwa kangomba. Nilimtembelea mwishoni mwa Oktoba, korosho zake zote zikiwa zimekwisha kufika chamani na mnada haujafanyika. Nilimkuta amelala mchana kwenye mkeka chini ya mkorosho. Nilimwamkia, kisha nikamuuliza anangoja nini, naye akaniambia kwamba hangoji kitu, jua tu limekuwa kali.