Kitaliano tufundisheni kwa Kiswahili jamani

Mimi nimekulia Malindi, na kama unapajua Malindi basi unajua Kitaliano pale si lugha ya kitabuni, tangu miaka ya sitini Wataliano walipoanza kurusha roketi kutoka kituo cha San Marco kule Ngomeni wamekuwa wakija, wengine wakajenga, wengine wakafungua mahoteli, na sisi watoto tukaokota maneno. Kwa hiyo nilipoingia chuo kusoma Kitaliano, mwaka wa kwanza haukunisumbua. Ciao, quanto costa, andiamo, yaani mambo, bei gani, twende, hayo nilikuwa nayo tangu praimari. Mambo yalibadilika mwaka wa pili tulipofika ile levo ya katikati wanayoiita B1, na nataka kuongelea hiyo levo kwa sababu wenzangu wengi wameachia pale na mimi naamini hawakustahili kuachia.

Shida yenyewe ni hii, Kitaliano tunafundishwa kupitia Kiingereza. Kitabu maelezo yake Kiingereza, noti Kiingereza, mtihani unaulizwa kwa Kiingereza. Tulipofika congiuntivo, lile umbo la kitenzi la kutaka, kulazimu au kutilia shaka, tukaambiwa hii ndiyo ngumu kuliko zote, ikaelezwa kwa lugha ambayo yenyewe karibu imeshaipoteza hiyo kitu, darasa zima kimya. Mimi nikarudi rumu nikaandika sentensi moja, nataka uje. Angalia hiyo e ya mwisho. Voglio che tu venga. Ni lazima aende, bisogna che vada. Sisi tunaitumia kila siku tukimtuma mtoto dukani! Sasa ukishaona hapo, kinachobaki cha kufundishwa ni ile sehemu tusiyokuwa nayo, yaani Mtaliano anaitumia hata kwenye maoni na mashaka, sisi tunasema nafikiri amechoka basi imeisha, yeye anasema penso che sia stanco. Hapo ndipo mwalimu angetumia muda wake, kwenye tofauti yenyewe, kuliko kuanza sifuri kama vile hatuna lugha kichwani.

Na si hiyo tu. Kahawa nitainywa baadaye, il caffè lo prendo dopo, kitu kinatajwa kwanza halafu kinarudi kwenye kitenzi, mswahili haoni ajabu yoyote. Hadithi zao zilizoandikwa zinaenda kwa passato remoto, wakati uliopita wa masimulizi, andai, vidi, tornai, na ukizisoma zinatembea kama yetu ya nikaenda nikaona nikarudi, sisemi ni kitu kimoja, yetu inataka li itangulie, lakini mwendo wake sikio letu linaujua. Kinachotutesa kweli ni konsonanti za kukazwa, sete ni kiu na sette ni saba, na hiyo inataka mazoezi ya mdomo ambayo hatupewi ya kutosha.

Halafu adabu. Kitaliano cha mabichi boi, wale vijana wanaozunguka na watalii ufuoni, kina neno moja la kumwita mtu wewe, yaani "tu" ya kirafiki, hakina "Lei" ya heshima. Mwaka wa pili alikuja mgeni mmoja, profesa mzee kutoka Italia, nikamwambia ciao, come stai, na nikaona uso umebadilika kidogo. Iliniuma, kwa sababu nyumbani siwezi kumpita mzee bila shikamoo. Kumbe heshima nilikuwa nayo, ila hakuna aliyeniambia kwamba kwao inakaa kwenye kiwakilishi na kitenzi, come sta, na kwamba kwa mkubwa usiyemjua unaanza buongiorno.

Upande wa utamaduni ndio umenishika kabisa. Italia ilipoungana 1861 raia wengi walikuwa wanaongea lugha za kwao, Kisisilia, Kivenisi, Kinapoli, na kile kilichokuja kuitwa Kitaliano msingi wake ni Kitoskana cha Firenze, mpaka Alessandro Manzoni, mtu wa Milano, akaiandika upya riwaya yake kubwa ifuate usemi wa Firenze, toleo lililotoka kati ya 1840 na 1842. Sasa mwambie hayo mtu wa pwani ya Kenya! Mwaka 1928 mkutano ulifanyika Mombasa kwenyewe na kilichochaguliwa kuwa sanifu kikawa Kiunguja, Kiswahili cha Zanzibar, na Kimvita, cha Mombasa, kikabaki cha nyumbani na cha mashairi. Bibi yangu anasema nti, si nchi, na shuleni tulisahihishwa. Kwa hiyo nikisoma habari za mtoto wa Palermo, kule Sisilia, anayekatazwa kuongea lugha ya mamake darasani mimi sihitaji maelezo marefu, lakini darasani kwetu mfano wa Kimvita haujawahi kutajwa hata siku moja, na nusu ya darasa tumetoka pwani.

Semista hii tuko wanne, tunakutana Alhamisi jioni, kila mtu analeta sentensi kumi za nyumbani kwao na tunazipeleka Kitaliano moja kwa moja, Kiingereza marufuku. Wiki iliyopita tulikwama kwenye mshike mtoto asije akaanguka, mpaka mmoja wetu akapata, tieni il bambino perché non cada, tukagundua hiyo perché, tuliyozoea kuwa ni kwa sababu, ikifuatwa na congiuntivo inageuka ili. Tukakaa na hiyo sentensi moja mpaka askari akaja kufunga mlango.