Mdhamini wa Gemu Dodoma: Zawadi Kubwa ya Siku Moja au Ligi ya Wiki Kumi?

Mdhamini akishatajwa kwenye mashindano ya gemu, kila mtu huuliza bingwa anaondoka na shilingi ngapi. Kwa Dodoma, yenye vyuo kadhaa na vibanda vya PS (PlayStation) vilivyojaa jioni, hilo lilipaswa kuulizwa mwisho.

Bila mdhamini mambo ni magumu kweli, tusidanganyane. Mtoano wa EA Sports FC, gemu ya mpira, wenye wachezaji 32 una mechi 31. Kipindi kikiwa cha dakika sita, pamoja na kuchagua timu na kupanga kikosi, tenga dakika 20 kwa kila mechi. Ukiwa na PS nne unamaliza kwa saa tatu. Ukiwa na moja, zaidi ya saa kumi. Ukitaka aliyefungwa mara moja asitoke, apewe nafasi nyingine, mechi zinafika 62 au 63. Kiingilio cha 2,000 kwa kichwa kinaleta 64,000 tu, na hapo ukumbi, mwamuzi na jenereta bado. UPS ndogo ya 650VA, betri ya kushikilia umeme ukikatika, itashikilia PS5 moja na TV yake kwa dakika chache, za kumaliza kipindi na si mechi. Vumbi la kiangazi nalo huziba feni, PS ikapata joto na kujizima katikati ya nusu fainali. Halafu kuna padi ya kuchezea ambayo analogi yake, kile kijiti cha kumwelekeza mchezaji, inavuta yenyewe: aliyeishika amefungwa kabla ya filimbi.

Kwenye gemu za simu kama PUBG Mobile, kampuni ya mtandao ikigawa bando inaonekana imemaliza kazi. Bando halipunguzi ping, ule ucheleweshaji wa mtandao kati ya simu na seva ya gemu. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti iliyumba nchini, na siku kama hiyo ni PS za chumba kimoja tu zinazoendelea kucheza.

Shida ni kwamba hela ya mdhamini ina miguu. Mwaka 2021 timu ya gemu ya TSM ya Marekani iliuza haki ya jina lake kwa FTX, soko la sarafu za kidijitali, kwa dola milioni 210 za miaka kumi. Novemba 2022 FTX ikafilisika. Hapa kwetu, Ligi Kuu ilicheza msimu wa 2018/19 bila mdhamini mkuu. Klabu zililia nauli, lakini ligi haikufa, kwa sababu ratiba, mashabiki na viingilio vilikuwepo kabla ya nembo. Gemu Dodoma bado haina mgongo huo.

Kampuni za kubeti? Anayesema mbona zinadhamini mpira ana hoja, na hela zao zipo. Ila kubeti kunaanzia miaka 18, na kibandani nusu ya benchi inaweza kuwa na sare za sekondari. Nani atakagua umri pale? Tena gemu ina mwenyewe: watengenezaji wengi huweka masharti kwa mashindano ya mtaani, na kamari na pombe mara nyingi zimekatazwa. Mimi ningewakataa.

Badala ya zawadi kubwa ya siku moja, mdhamini alipie ligi ya wiki kumi vibandani. Chukua mfano wa milioni tatu. Laki sita ziwe zawadi. Milioni moja iende kwa vibanda vitano, 20,000 kila kimoja kwa wiki, wiki kumi. Laki saba zinunue padi na UPS, laki tano zilipe waamuzi na matangazo, laki mbili zibaki za dharura. Mdhamini atalalamika kwamba kibanda kinaingiza watu kumi na tano na picha hazipendezi, na hajakosea; analipia kuonekana. Basi fainali ipelekwe ukumbi mkubwa, mfano Chimwaga pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wanafunzi wakiwa chuoni na mitihani ikiwa mbali. Wiki kumi za jina lake ukutani ndizo zitakazomjazia ukumbi huo.

Kwenye mkataba, kipengele kimoja kisilegezwe: hela ya zawadi iwe imeshaingia kwenye akaunti ya waandaaji kabla usajili haujafunguliwa.